Fundi wa Motokari na Sanduku Lake la Spana

Juma hili twapenda kuzungumza nanyi habari za baba mmoja aliyefariki akiwa amepita miaka 80, baada ya kutengeneza motokari kwa muda wa miaka zaidi ya 60 katika mji wa Bukavu. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa wa nyumbani mwake wametuomba tusilitaje. Nasi twaona ni vema hivyo, maana yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa. Katika mtaa wake watu wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Baba Fundi. Basi nasi tutamwita vivyo hivyo.

Hakuwa chifu, wala mwalimu, wala mfanya biashara tajiri. Motokari yake mwenyewe hakuwa nayo hata siku moja. Yeye aliyezifufua motokari za watu mia na mia alikwenda kazini kwa miguu, mpaka magoti yalipokataa. Aliacha mke mmoja, watoto saba, nyumba ya matofali yenye vyumba vinne, na sanduku la chuma lililojaa spana. Juu ya sanduku hilo tutasema zaidi hapo mbele, kwa sababu lilikaribia kuivunja jamaa nzima.

Alivyojifunza kazi

Baba Fundi aliingia katika garaji ya Mzungu mmoja mwaka 1957, akiwa kijana wa miaka 15, amemaliza masomo ya chini tu. Mwaka mzima wa kwanza hakuruhusiwa kugusa injini. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuosha vyuma vyenye mafuta, na kumletea fundi mkubwa kila chombo alichokitaja. Vijana wenzake wawili walichoka wakaondoka, wakisema, "Sisi tulikuja kujifunza motokari, siyo kufagia." Yeye alibaki. Mwisho wa mwaka alijua kila spana kwa jina na kwa kipimo, hata gizani, kwa kuishika tu mkononi.

Ndipo fundi mkubwa akaanza kumfundisha. Alimwambia kwamba injini ya petroli ina kazi nne, wala haina ya tano: huvuta hewa na petroli, huzibana, huziwasha, kisha hutoa moshi. Injini ya kazi nne ilitengenezwa na Nikolaus Otto huko Ujerumani mwaka 1876, na hata leo injini za petroli katika motokari nyingi zafuata utaratibu huo huo. Kwa hiyo, injini ikikataa kuwaka, fundi mwenye akili hakimbilii kuifungua. Hujiuliza kwanza maswali matatu: Je, petroli yafika? Je, hewa yabanwa? Je, cheche yatoka, tena kwa wakati wake? Akikosa jibu la swali moja, amekwisha kujua ugonjwa uko wapi.

Baba Fundi aliwafundisha maneno hayo vijana wote waliopita mikononi mwake. Tena aliwazoeza kutandika kitambaa safi chini, na kupanga juu yake kila nati na kila chuma kwa utaratibu ule ule kilivyotolewa. Mwanafunzi aliyebakiwa na nati moja baada ya kufunga injini hakupigwa wala kutukanwa. Aliambiwa tu, "Fungua tena, mwanangu. Nati hii haikuzaliwa bure." Naye alifungua tena, hata kama ni jioni.

Miaka ya taabu

Ninyi vijana mnaosoma habari za nchi katika vitabu, sikilizeni jinsi habari hizo zilivyopita ndani ya nyumba ya mtu mmoja.

Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, wageni wengi waliondoka, na kazi ikapungua. Mwaka 1967, toka mwezi wa Agosti mpaka Novemba, mji wa Bukavu ulikuwa mikononi mwa askari wa kukodiwa walioongozwa na Mbelgiji Jean Schramme. Baba Fundi, aliyekuwa ameoa karibuni, alimpeleka mke wake kwa wazazi wake mlimani, kisha akarudi mjini baada ya mapigano akakuta motokari nyingi hazina mipira wala vioo. Kazi ikawa tele, lakini mwenye kulipa hayupo.

Halafu tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba maduka, mashamba na karakana za wageni zitapewa wananchi. Garaji ile nayo ilipata mwenyewe mpya, mtu asiyejua tofauti ya jeki na pampu. Huyo aliuza mashini moja baada ya nyingine, na wafanya kazi wakakaa miezi sita bila mshahara. Mwishowe, fedha zilipokosekana kabisa, aliwaambia wachague vitu vilivyobaki badala ya deni lao. Wengine walichukua mabati, wengine meza. Baba Fundi alichagua sanduku la spana.

Jioni ile mke wake alimtazama akiingia nalo, akauliza, "Baba watoto, je, tutakula chuma?" Akajibu, "Mama, bati litaliwa na kutu, na meza italiwa na mchwa. Hiki ndicho kitakachotulisha." Kesho yake aliliweka sanduku chini ya mparachichi kando ya barabara, akaanza kazi yake mwenyewe. Mti huo ndio uliokuwa garaji yake kwa miaka mingi.

Mwezi wa Oktoba 1996 vita ilipofika Bukavu, alichimba shimo nyuma ya jiko usiku, akalizika sanduku lake, akapanda mgomba juu yake. Kisha akawachukua mke na watoto wakakimbia. Waliporudi baada ya majuma kadhaa walikuta mlango umevunjwa, na vyombo vyote vimechukuliwa, hata sufuria. Lakini mgomba ulikuwa umesimama mahali pake. Juma lile lile alianza kazi tena, na watoto wakala.

Neno juu ya mteremko wa Ngomo

Wanaosafiri toka Bukavu kwenda Uvira wajua mteremko wa Ngomo. Ziwa Kivu liko juu, karibu metre 1,460 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko chini, karibu metre 770. Kati ya maziwa haya mawili ni lazima motokari ishuke hata bonde la Ruzizi, na barabara ni nyembamba yenye kona nyingi, na upande mmoja ni shimo.

Basi siku moja dereva mmoja alileta kamio iliyojaa mizigo, na juu ya mizigo wamekaa watu, akina mama wa soko na watoto wao. Alitaka kubadilishiwa mpira tu. Baba Fundi alikanyaga breki mara moja, akasikia mguu wazama kama katika matope. Akasema, "Ndugu yangu, kamio hii haishuki Ngomo leo." Dereva alikasirika. Alisema kwamba tajiri wake hakumpa fedha za breki, na ya kuwa amekwisha kushuka hivyo mara nne. Baba Fundi akamrudishia fedha za mpira, akachukua ufunguo wa kamio, akauweka mfukoni mwake, akaketi.

Abiria walipiga kelele. Wengine walimtukana, kwa kuwa walichelewa soko. Yeye aliwaeleza kwa upole. Aliwaambia kwamba ndani ya breki mna maji ya namna ya mafuta, yasukumayo vyuma vikabane gurudumu. Maji hayo ya breki, yakiwa mapya, hata yale ya aina iliyo hafifu, DOT 3, hayachemki kabla ya digrii 205. Lakini hunywa unyevu wa hewa mwaka hata mwaka, na yakisha kunywa unyevu mwingi yaweza kuchemka kwenye digrii 140 tu. Dereva akikanyaga breki mfululizo katika mteremko mrefu, vyuma huwaka moto, maji huchemka, na mvuke huingia ndani ya mabomba. Mvuke hauna nguvu ya kusukuma. Mguu huenda mpaka chini, wala gurudumu halisimami.

Kazi hiyo aliifanya mpaka usiku, na malipo yake alipata nusu tu, tena baada ya mwezi. Asubuhi aliupeleka ufunguo kwa dereva, akamkumbusha kushuka kwa gia ndogo, injini yenyewe ishike mzigo, na breki isaidie tu. Je, tutasema alipata hasara? Wale akina mama na watoto walifika wote. Hatuna hesabu nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Nguo za kazi mlangoni

Sasa twingie nyumbani mwake, maana fundi hodari ambaye nyumba yake yalia hatungemsifu katika ukurasa huu.

Mke wake alikuwa na amri moja: nguo za kazi hazivuki mlango. Ziliangikwa nje kwenye msumari, naye baba aliosha mikono, uso na nywele kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kumbeba mtoto. Majirani walicheka wakasema, "Mwanamke huyu amtawala mumewe." Kumbe mama huyo alikuwa na akili kuliko wengi. Siku hizi twajua kwamba vumbi la breki za zamani lilikuwa na asbesto, ambayo nyuzi zake zikiingia mapafuni zaweza kuleta saratani baada ya miaka 20 au 40, na kwamba nyuzi hizo zimewadhuru hata wake na watoto wa mafundi, kwa sababu zililetwa nyumbani katika nguo. Twajua pia kwamba petroli ilitiwa risasi tangu miaka ya 1920, sumu iharibuyo akili za watoto wadogo. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, yaani Algeria, iliiacha mwaka 2021. Baba Fundi hakuyajua hayo yote alipokuwa kijana. Alimheshimu mke wake tu, na heshima hiyo ikawalinda wanawe.

Jioni alikaa na daftari mbili. Katika daftari ya kwanza aliandika madeni: nani amdai, na yeye adai nani. Katika ya pili aliandika fedha za shule za kila mtoto. Fedha za kazi alizihesabu mbele ya mke wake, wala si mbele ya chupa. Watoto wote saba walisoma, wasichana kama wavulana. Siku ya Mungu hakugusa spana, ila kama kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitalini. Hapo aliacha hata sahani ya chakula.

Binti yake wa tatu alipenda kukaa chini ya mparachichi tangu utoto. Kwanza alimpa baba yake spana, kisha akaanza kuzifunga mwenyewe. Alipofikisha miaka 16 alijua kusikiliza injini kama baba yake. Watu waliuliza, "Je, utamwacha msichana alale chini ya kamio?" Baba akajibu, "Namfundisha kuweka magogo chini ya kamio kabla ya kuingia, asiiamini jeki peke yake. Hilo wavulana wenu wamelijua?" Wakanyamaza.

Kikao cha jamaa

Baba Fundi alizikwa. Baada ya siku za matanga, ndugu zake waliitisha kikao. Mdogo wake akasema, "Shemeji, tumelia pamoja, sasa tuzungumze habari za mali. Nyumba ni ya ukoo, maana aliyeijenga ni wa ukoo. Na sanduku la spana litauzwa, fedha zigawanywe kwetu."

Mjane alinyamaza. Yule binti wa tatu akapiga magoti mbele yake, akasema kwa heshima, "Baba mdogo, utuwie radhi. Marehemu aliacha barua." Akaileta. Ilikuwa imeandikwa yote kwa mkono wa baba mwenyewe, yenye tarehe na sahihi yake. Ilisema kwamba sanduku la spana ni la binti huyo, kwa sharti awasaidie wadogo wake wamalize masomo. Na mambo mengine yote yaende kwa sheria. Pamoja na barua palikuwa na hati ya ndoa ya serikali, vyeti vya kuzaliwa vya watoto saba, na hati ya kiwanja.

Mdogo wa marehemu alisema kwa hasira, "Mwanamke na spana, wapi na wapi?" Lakini mzee mmoja wa ukoo, aliyewahi kuwa karani wa baraza, aliomba karatasi azisome. Akazisoma zote polepole. Kisha akawaeleza sheria, nasi twaiandika hapa, kwa sababu jamaa nyingi zimevunjika kwa kutoijua.

Sheria ya jamaa ya Kongo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, nayo ilirekebishwa mwaka 2016. Yasema hivi. Kwanza, mume na mke wasipochagua namna nyingine siku ya ndoa yao, vitu walivyovipata pamoja ni vya wote wawili. Kwa hiyo nusu yake ni ya mjane mwenyewe, wala haihesabiwi kuwa urithi. Pili, urithi wa marehemu hugawanywa hivi: watoto wote hupata robo tatu, sawa kwa sawa, pasipo kubagua mvulana na msichana. Robo inayobaki ni ya makundi matatu, yaani mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Makundi hayo yakiwapo yote, kila moja hupata sehemu moja katika sehemu 12. Tatu, mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba alimoishi na mumewe, na kutumia vyombo vyake. Nne, barua ya wosia iliyoandikwa yote kwa mkono wa mwenyewe, ikiwa na tarehe na sahihi, yakubaliwa na sheria, mradi isiwanyang'anye watoto fungu lao.

Yule mzee akamwambia mdogo wa marehemu, "Mwanangu, hesabu vizuri. Ndugu wote wa marehemu, kwa jumla yenu, mna sehemu moja katika 12 ya kile kilichokuwa chake. Mko watano. Je, kwa kipande hicho utamtoa mama huyu nyumbani? Na ukiuza spana, nani atalipa shule ya watoto wa ndugu yako? Wewe?"

Mdogo wa marehemu aliinama muda mrefu. Halafu akasema, "Sanduku libaki." Siku ile alitoka bila kula, wala hatutadanganya kwamba moyo wake ulitulia upesi. Lakini baada ya miezi mitatu pikipiki yake iliharibika, akaisukuma mpaka chini ya mparachichi. Binti aliitengeneza, akakataa malipo, akasema, "Baba mdogo, ni ya nyumbani." Tangu hapo wanatembeleana.

Tujifunze nini?

Akina baba, ninyi mnaofanya kazi kwa mikono, msiseme, "Mimi sina mali, wosia ni wa matajiri." Tajiri akifa, watoto wake wana mengine. Fundi akifa, sanduku la vyombo ndilo shamba la wanawe. Andikeni ndoa zenu mbele ya afisa wa serikali, kwa maana ndoa ya kanisani ni takatifu, lakini peke yake haimlindi mjane mbele ya hakimu. Andikeni kila mtoto tangu kuzaliwa. Shikeni kalamu mngali na afya, mwandike barua yenu, na mke wenu ajue iliko. Kufanya hivyo si kujiita kifo. Mtu afungaye magogo chini ya kamio hatamani ianguke.

Ninyi ndugu wa marehemu, mlio na hasira na haja nyingi, tazameni vizuri kabla ya kuchukua. Mara nyingine kitu mnachotaka kuuza kwa fedha ya siku mbili ndicho kingewalisha watoto wa ndugu yenu miaka kumi.

Nanyi wanafunzi, msidharau mwaka wa kufagia. Aliyefagia kwa bidii alijua kila spana gizani. Na watu waliojazana juu ya kamio ile, katika mteremko wa Ngomo, waliishi kwa sababu kijana mmoja, mwaka 1957, hakuona haya kuanza chini.

Baba Fundi amepumzika. Mungu ampe raha ya milele. Sanduku lake lingali wazi kila asubuhi.